Kuosha Mafuta ya Ubongo

Ubongo mbichi ukiwekwa mezani hauna fahari yoyote. Ni kitu laini, rangi yake kati ya waridi na kijivu, kinachojilaza upande wowote utakaokigeuzia, na kidole kikiubonyeza kidogo tu huacha shimo. Sehemu kubwa yake ni maji. Katika sehemu ya kijivu, ile ya nje, maji hukaribia asilimia 82. Katika sehemu nyeupe ya ndani, asilimia 72 hivi. Maji yakiondoka, kinachobaki cha kijivu, theluthi yake ni mafuta, na kinachobaki cheupe, zaidi ya nusu yake ni mafuta. Wala si mafuta ya akiba yanayongoja siku ya njaa. Haya ni mafuta ya ujenzi: ndiyo yanayofanya kuta za seli, na ndiyo yanayojaza ule mkanda wa mielini unaoviringishwa tabaka kwa tabaka kwenye nyuzi za neva ili ujumbe upite haraka.

Kuyatoa mafuta hayo yote, bila kuyaharibu na bila kuacha mengine nyuma, kisha kuyatenganisha aina kwa aina na kuyapima, ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya mashine. Wanakemia wa lipidi husifiwa kwa matokeo yao. Mimi nataka kuisifu mikono. Nimemtazama fundi sanifu mmoja wa maabara, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akiifanya kazi hii kwa ubongo wa ng'ombe, na nitamfuata hatua kwa hatua.

Kazi huanzia machinjioni, si maabara. Mnyama akishakufa, vimeng'enya vya ubongo haviendi msibani. Vinaendelea na kazi, tena bila msimamizi. Mwaka 1970 Nicolás Bazán alionyesha kwamba damu ikikatika, asidi huru za mafuta katika ubongo wa panya huongezeka ndani ya dakika chache tu, kwa sababu vimeng'enya vimeanza kuzikata kutoka kwenye fosfolipidi zilikofungwa. Ndiyo maana fundi hufika machinjioni na sanduku la barafu limeshajaa, husimama karibu, na hazungumzi na mtu mpaka ubongo uwe umefunikwa. Akichelewa, atakachopima ni uozo unaoanza, na hakuna hesabu ya baadaye itakayorekebisha hilo.

Akirudi, huuweka ubongo juu ya sahani ya kioo iliyolala kwenye barafu. Kwa koleo ndogo huvuta utando wa nje, ule mwembamba wenye mishipa, akianzia kwenye mfereji mmoja na kuufuata bila kuupasua. Damu ina mafuta yake, kwa hiyo haitakiwi. Husuuza kwa maji baridi ya chumvi, hukausha kwa karatasi ya kuchuja, kisha hutenga kijivu na cheupe kwa wembe. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili unaonekana kwa macho, lakini haukunyooka. Unapanda na kushuka na kila kikunjo, na wembe hauna budi kupanda na kushuka nao. Vipande vidogo vya mpakani, ambavyo huwezi kuapa ni vya upande gani, huviweka kando. Vilivyo safi huvifunga katika karatasi ya aluminiamu, huandika lebo, na kuvigandisha papo hapo.

Sasa vyombo. Hapa ni kioo tu. Klorofomu, iliyomo katika kiyeyushi cha kazi hii, huilainisha plastiki ya aina nyingi, na hata ile isiyoyeyuka huachia viungo vyake, ambavyo baadaye hujitokeza kwenye vipimo vikijifanya ni mafuta ya ng'ombe. Kila neli, kila faneli, kila chupa huoshwa, husuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa, halafu husuuzwa tena kwa kiyeyushi kilekile kitakachotumika. Grisi ya kulainishia vizibo vya kioo ni marufuku. Hata kidole kitupu ni marufuku, kwa sababu ngozi nayo ina mafuta, na alama moja ya kidole kwenye mdomo wa neli yatosha kuongeza kitu ambacho ubongo haukuwa nacho. Nilimwona akiitupa pipeti safi kabisa kwa sababu hakukumbuka kama ameishika kwa glavu au bila glavu.

Kiyeyushi chenyewe ni klorofomu mbili kwa methanoli moja, kwa ujazo. Huchanganywa ndani ya kabati la kuvuta mvuke, maana mvuke wa vyote viwili ni sumu. Sababu ya kutumia viwili inafaa kuelezwa. Klorofomu huyeyusha mafuta vizuri, lakini mafuta ya ubongo hayako huru; yameshikana na protini, na klorofomu peke yake haina nguvu ya kuuvunja mshikamano huo. Methanoli ndiyo inayoingia kati, inazigeuza umbo zile protini, na kuziachanisha na mafuta. Mmoja hufungua, mwingine hubeba. Ndani ya mchanganyiko fundi huongeza chembe ya dawa ya kuzuia oksijeni, kwa kuwa mafuta ya ubongo yana asidi zenye viungo vingi maradufu, na viungo hivyo huoza hewani upesi kuliko mafuta mengi ya jikoni.

Gramu 1 ya ubongo, mililita 20 za kiyeyushi. Hupima ubongo ungali umeganda, huuangusha katika neli nene ya kusagia, na kuushusha mchi wa kioo unaozunguka. Hasukumi. Huuacha mchi ushuke kwa uzito wake, huupandisha, huushusha tena, neli ikiwa imezamishwa kwenye barafu ili msuguano usilete joto. Kimiminika hubadilika kuwa cheupe kizito, kisha chembechembe za protini huanza kuonekana zikiwa zimejitenga. Huchuja kwa karatasi isiyo na mafuta. Na kama mpishi anayerudi kwenye chicha kulitafuta tui la pili, huyakusanya mabaki ya karatasini, huyasaga upya kwa kiyeyushi kipya kidogo, na kuchuja tena juu ya kile cha kwanza. Mabaki yenyewe, ambayo sasa ni unga wa protini, hayatupi. Huyakausha, huyapima, huandika.

Kilichopo chupani sasa ni kimiminika angavu chenye umanjano kidogo, na ndani yake mna mafuta yote ya gramu ile. Lakini mna pia sukari, chumvi, asidi za amino na takataka nyingine zilizopanda gari lilelile. Kuziondoa bila kupoteza mafuta ndiko kulikowasumbua watu kwa miaka mingi.

Aliyeipatia kazi hii utaratibu unaofuatwa hadi leo ni Jordi Folch-Pi, mzaliwa wa Barcelona wa mwaka 1911, aliyehamia Marekani mwaka 1936 na baadaye kuongoza utafiti katika McLean, hospitali ya magonjwa ya akili karibu na Boston. Mwanzoni yeye na wenzake waliosha dondoo la ubongo kwa kuliweka taratibu chini ya maji mengi na kuliacha, uchafu upande wenyewe kuingia majini. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini ilihitaji vyombo vikubwa, muda mrefu na moyo mkubwa. Mwaka 1957, pamoja na Marjorie Lees na G. H. Sloane Stanley, alichapisha njia iliyo rahisi zaidi. Jarida la Nature lilipoorodhesha mwaka 2014 makala za kisayansi zilizotajwa zaidi na makala nyingine, hiyo ilikuwa ya tisa. Makala ya kuosha mafuta!

Urahisi wake umesimama juu ya hesabu moja ninayoiona kuwa nzuri mno. Kwa mililita 20 za dondoo, fundi huongeza mililita 4 za maji yenye chumvi kidogo, yaani moja ya tano. Lengo ni kufikia klorofomu, methanoli na maji kwa uwiano wa 8 kwa 4 kwa 3, ambapo mchanganyiko hugawanyika tabaka mbili safi. Ukipiga hesabu utaona maji hayatoshi: mililita 20 za kiyeyushi ni klorofomu 13 na theluthi, methanoli 6 na theluthi mbili, kwa hiyo maji yanatakiwa 5, na fundi ametia 4. Hiyo 1 iliyobaki imetoka wapi? Imetoka kwenye ubongo. Ile gramu 1 ilikuja na maji yake, karibu mililita 1, na Folch aliyahesabu. Wapishi wa kisayansi wengi hukiona kitu wanachokichunguza kama mgeni anayeongezwa kwenye mapishi yaliyokamilika. Hapa mgeni ni sehemu ya mapishi. Ndiyo maana fundi hakubali kipande cha ubongo kilichokauka pembeni ndani ya friza, hata kama uzito wake ni sahihi.

Na ile chumvi si pambo. Ukiosha kwa maji matupu, lipidi zenye chaji ya asidi, kwa mfano fosfatidilserini, huvutwa juu pamoja na uchafu. Chumvi huzibakiza chini. Chumvi ikizidi sana, nayo huleta mambo yake. Fundi hutumia myeyusho wa sodiamu kloridi wa asilimia 0.9, hutikisa kwa kuigeuza chupa juu chini pole pole, si kwa kuipiga mtikiso, maana povu likishaumbika litamkalisha mpaka usiku. Kisha huweka chupa chini na kuiacha.

Matabaka hayajitengi mara moja. Kwanza ukungu mweupe hujaa chupa nzima. Baadaye sehemu ya chini huanza kung'aa, kwa sababu klorofomu ni nzito kuliko maji, na mpaka hupanda polepole hadi kusimama. Tabaka la chini huwa asilimia 60 hivi ya ujazo wote, na ndilo lenye mafuta. La juu ni methanoli na maji, na ndilo lenye uchafu. Kati yao hukaa utando mwembamba, mweupe, unaotikisika ukiigusa meza.

Hapo ndipo kijana aliyekuwa akijifunza kwake aliponyanyua chupa akitaka kumimina.

"Usimimine, mwanangu. Nyonya."

"Ndiyo, mama."

"Na ncha isiuguse utando."

Akamwonyesha. Pipeti nyembamba ya kioo huteremshwa ukutani mwa chupa hadi ncha iwe imezama kidogo tu katika tabaka la juu, na kadiri kimiminika kinavyoshuka ndivyo mkono unavyoshuka nacho, kwa mwendo uleule. Karibu na mpaka huacha kunyonya. Husuuza ule uso kwa kimiminika kilichochanganywa makusudi kifanane na tabaka la juu lisilo na kitu ndani, klorofomu 3, methanoli 48, maji 47, ili usuuzaji wenyewe usivuruge mizani ya matabaka. Hunyonya tena. Mara tatu. Kila kilichonyonywa huenda kwenye chupa yake yenye lebo.

Kwa nini chupa yenye lebo, ikiwa ni uchafu? Hapa ndipo ninapoiona tabia ya kazi hii nzima. Mwaka 1951 Folch na Lees walishughulika na protini za ajabu zilizokuwa zikijitokeza katika madondoo haya: protini zisizoyeyuka majini lakini zinazoyeyuka katika klorofomu na methanoli, na zinazojikusanya kwa wepesi pale mpakani, katika utando ambao mtu mwenye haraka angeuita povu. Waliziita proteolipidi. Ilikuja kufahamika kwamba mojawapo ni protini kuu ya mielini ya ubongo. Mwaka huohuo, kutoka upande wa maji, kundi la Folch lilitoa dutu waliyoiita strandini, ambayo baadaye ilieleweka kuwa ni gangliosidi, lipidi zenye sukari ndefu zilizopewa jina hilo na Ernst Klenk wa Köln mwaka 1942. Gangliosidi ndizo hurundikana katika ubongo wa watoto wenye ugonjwa wa Tay-Sachs. Kwa hiyo povu lilikuwa na protini, na maji machafu yalikuwa na jibu la ugonjwa. Tangu hapo mwenye adabu katika kazi hii hamwagi kitu kabla ya kujua ni nini.

Adabu hiyo ina babu yake. Johann Ludwig Wilhelm Thudichum, daktari Mjerumani aliyehamia London mwaka 1853, alitumia miaka mingi kutenganisha kemikali za ubongo wa ng'ombe na wa binadamu kwa vitu vichache: spiriti ya moto, etha, chumvi za risasi na kadimiamu, ubaridi na subira. Aliyeyusha kwa moto, akaacha ipoe, akakusanya kilichozama, akakiyeyusha tena. Wakati huo wakubwa wa kemia ya mwili waliamini ubongo una dutu kuu moja, protagoni. Thudichum alionyesha kuwa hiyo protagoni ni mchanganyiko tu, na katika kitabu chake cha mwaka 1884 akaeleza sfingosini, sfingomielini, sefalini na serebrosidi. Walimdhihaki. Alifariki mwaka 1901 akiwa bado hajapewa haki yake. Mtu huyo pia aliandika vitabu vya mvinyo na mapishi, jambo lisilonishangaza hata kidogo.

Turudi chupani. Tabaka la chini sasa hukaushwa. Fundi huliweka katika neli ndogo iliyo ndani ya maji ya uvuguvugu na kupuliza gesi ya naitrojeni juu yake, polepole kiasi kwamba uso unabonyea bila kuruka. Hewa ya kawaida haitumiki, kwa sababu ya oksijeni. Klorofomu huondoka, na kwenye kitako cha neli hubaki nta nyeupe yenye umanjano. Huipima, huikausha tena, huipima tena, mpaka namba mbili zinazofuatana zifanane. Kutoka gramu 1 ya sehemu ya kijivu hupata karibu miligramu 60. Kutoka nyeupe, miligramu 150 na zaidi. Huiyeyusha mara moja katika klorofomu kidogo, hujaza naitrojeni juu yake, na kuifungia gizani kwenye baridi.

Kutenganisha aina kwa aina hufanyika kwenye bamba la kioo lililopakwa silika, tabaka la robo ya milimita. Bamba huoshwa kwa kiyeyushi na kupashwa joto kwenye oveni ili unyevu utoke. Mstari wa kuanzia huchorwa kwa penseli; kalamu ya wino ingeanza safari yake yenyewe. Kwa mrija mwembamba kama unywele hugusa bamba, huinua, hungoja tone likauke, hugusa tena palepale, ili doa libaki dogo. Pembeni huweka sampuli za kulinganishia zinazojulikana. Tangi la kioo limeshawekewa karatasi ya kuchuja ukutani ili mvuke ujae ndani kabla bamba halijaingia. Kiyeyushi ni klorofomu 65, methanoli 25, maji 4. Bamba huwekwa wima, kifuniko hufungwa, na kwa saa moja au zaidi hakuna la kufanya ila kuuacha unyevu upande. Fundi huutumia muda huo kuosha vyombo.

Bamba likitoka huonekana tupu. Hukaushwa, huwekwa ndani ya mvuke wa iodini, na madoa ya rangi ya njano na hudhurungi hujitokeza moja baada ya jingine: juu kabisa kolesteroli, chini yake serebrosidi zikiwa mistari miwili, kisha fosfatidiletanolamini, kisha fosfatidilkolini, na chini zaidi sfingomielini. Iodini haikai; madoa hufifia hewani, kwa hiyo huyazungushia penseli haraka. Hii ni mara pekee katika kazi nzima niliyomwona akiharakisha. Bamba la pili hupuliziwa dawa ya molibdeni, na zenye fosforasi tu ndizo hugeuka samawati. La tatu hupuliziwa orsinoli na asidi ya salfa, nazo zenye sukari huwa zambarau. Kijivu na cheupe vikiwekwa bega kwa bega, tofauti haihitaji maelezo: ile mistari miwili ya serebrosidi ni minene kwa cheupe, na hafifu kwa kijivu, kwa kuwa serebrosidi ni mafuta ya mielini.

Kiasi hupatikana kwa fosforasi. Doa hukwanguliwa, huchemshwa na asidi kali mpaka kampaundi zote za kaboni ziungue, na fosforasi iliyobaki huzaa rangi ya samawati ambayo ukolevu wake husomwa kwa mashine. Fosforasi ni kama asilimia 4 ya fosfolipidi, kwa hiyo huzidishwa kwa 25. Mafuta yenyewe hukatwakatwa, asidi zake hugeuzwa kuwa esta za methili na kupitishwa kwenye kromatografia ya gesi, na huko mwishoni kabisa mwa mchoro huinuka kilele cha DHA, asidi yenye kaboni 22 na viungo maradufu 6.

Kilele hicho kina historia ya kwetu. Michael Crawford alifanya kazi Makerere, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akavutiwa na mafuta ya wanyama pori wa Afrika Mashariki. Baadaye, akiwa London, yeye na wenzake walilinganisha maini na bongo za wanyama wala majani na wala nyama, na mwaka 1976 wakachapisha waliyoyaona: mafuta ya ini hutofautiana sana kati ya mnyama na mnyama, lakini ubongo hung'ang'ania asidi zilezile ndefu, DHA na arakidoniki, kwa uwiano unaokaribiana. Ukiusoma ukurasa ule, kumbuka kwamba kila namba ya jedwali ilikuwa kipande cha nyama laini kilichosagwa na kuoshwa.

Siku hizi spektrometa za masi hutaja mamia ya lipidi kwa jina kutoka tone moja. Sina neno nazo. Lakini tone hilo bado hutoka katika chupa yenye matabaka mawili, na mashine ya bei ya nyumba haiwezi kuirudisha fosfolipidi iliyoozea njiani kutoka machinjioni.

Mwisho ni kufunga hesabu. Unga wa protini uliobaki karatasini, pamoja na nta ya tabaka la chini, hutolewa katika uzito mkavu wa kipande kile. Siku niliyokuwapo namba haikujumlika. Kulikuwa na upungufu, mkubwa zaidi kwa kijivu. Kijana alidhani wamekosea mizani. Mama alifungua friji, akatoa chupa za tabaka la juu, akaimimina ya kijivu kwenye mfuko wa dayalisisi, ule unaoachia chumvi na kubakiza molekuli kubwa, akaufunga mafundo mawili kila upande, akauzamisha ndani ya maji baridi. Akaandika saa ubavuni mwa bika, akamwambia kijana maji yabadilishwe jioni, na kesho asubuhi tena, kisha wataanza na gangliosidi.